Seli hai asilimia 88, matokeo mabovu: je, mafunzo ya siku tano yatanisaidia?

*Swali: Daktari, mimi ni mtafiti wa kinga ya mwili na kazi yangu ni kwenye ini la panya. Nina miaka 6 katika maabara ya molekuli. PCR, kutoa RNA na kuchambua data kwa R nayamudu. Mwezi uliopita tulijaribu kwa mara ya kwanza kusoma RNA ya seli mojamoja kwa mashine ya matone. Kaunta ya seli ilitupa uhai wa asilimia 88, tukapakia tukilenga seli 8,000. Mashine ilikuwa na watu wengine, kwa hiyo seli zetu zilisubiri kama saa moja na nusu. Tuliambulia seli 2,300, na karibu kila kundi, hata seli T za kinga, linaonyesha jeni ya albumini. Sasa nimepata nafasi ya mafunzo ya vitendo ya siku tano. Msimamizi wangu anasema ni kupoteza wiki, kwani mashine inajiendesha na sampuli tunaweza kuwapelekea maabara ya huduma. Mwenzangu aliyewahi kuhudhuria anasema nikirudi nitafanya kila kitu peke yangu. Nimsikilize nani? Na kilichotuangusha ni mkono wangu au ni mashine?*

Nianze na hilo la mwisho, maana jibu lake ndilo litakaloamua kama mafunzo hayo yanakufaa. Kwa maelezo uliyotoa, mashine naiondolea lawama. Mkono wako wa pipeti nao siutilii shaka sana. Kilichoharibika kiliharibika mapema, kati ya panya na chipu (kile kibao chenye mifereji tunakopakia seli): katika zile saa ambazo ini lilikuwa likigeuzwa kuwa seli zinazoelea, kisha katika ile saa moja na nusu ya kukaa foleni.

Tukumbushane kinachofanyika ndani ya chipu. Seli zako, zikiwa kwenye kimiminika, zinakutana na shanga za jeli, halafu mafuta yanaukatakata mkondo huo kuwa matone madogo mno, makumi ya maelfu katika kila mfereji. Shanga moja imebeba nyuzi nyingi za DNA zenye msimbo mmoja wa herufi 16, na kila uzi una alama yake fupi ya kutofautisha molekuli hii na ile. Seli inapasuka ndani ya tone, RNA yake inanaswa na nyuzi za shanga, inanakiliwa kuwa DNA, na tangu hapo kila nakala inatembea na anwani ya tone ilikotoka. Ukilielewa hili moja umeelewa nusu ya matatizo yote ya fani hii: kompyuta haijui seli, inajua tone. Chochote kilichokuwamo ndani ya tone kitaandikwa kwa jina la seli iliyokuwamo, hata kama si chake.

Sasa mfikirie hepatosaiti, seli kuu ya ini. Ni kubwa, mikromita 20 hadi 30, mara tatu ya kipenyo cha seli T, na ngozi yake ni laini. Ndizo karibu asilimia 60 ya seli za ini kwa idadi, na RNA ya albumini imejaa ndani yake kuliko karibu RNA nyingine yoyote. Hepatosaiti ikipasuka kwenye tyubu, RNA hiyo haiendi popote. Inabaki kwenye kimiminika, na kimiminika hicho ndicho kinachoingia katika kila tone, lenye seli na lisilo na seli. Sisi tunaiita supu. Seli T zako hazitengenezi albumini. Zimepikwa ndani ya supu ya hepatosaiti.

Kuna watu watakuambia hayo ni matone pacha, yaani tone moja lililomeza seli T na hepatosaiti kwa pamoja. Mapacha yapo kweli. Kwa vitendanishi vya kampuni ya 10x Genomics vilivyozoeleka kwa miaka mingi, kadirio ni karibu asilimia 0.8 kwa kila seli 1,000 unazopata. Lakini kwa seli 2,300 hiyo haifiki hata asilimia 2, na mapacha huonekana kama seli chache zilizojitenga pembeni ya kundi. Albumini iliyotapakaa kidogokidogo katika kila kundi ni dalili ya supu. Na kabla hujauliza, kwa kuwa wanafunzi wangu huuliza kila mwaka: hapana, haitoki kwenye ile albumini ya ng'ombe tunayotia kwenye bafa ili seli zisigande kwenye plastiki. Ile ni protini, na mashine ya kusoma mfuatano haioni protini.

Unaweza kulithibitisha hili leo usiku bila kugusa pipeti. Usifungue jedwali lililochujwa. Fungua lile ghafi, lenye misimbo yote. Chukua matone yenye molekuli chini ya 100, ambayo kwa hakika hayakuwa na seli, yajumlishe, upange jeni kuanzia iliyo nyingi zaidi. Hiyo orodha ndiyo mapishi ya supu yako. Nategemea utaikuta Alb, yaani jeni ya albumini, juu kabisa, pengine na jeni za himoglobini zikiifuata kwa karibu. Kisha tazama mchoro wa misimbo iliyopangwa kwa wingi wa molekuli. Mchoro mzuri una bega, halafu genge, halafu tambarare. Wako, nabahatisha, unateremka taratibu kama mlima uliochoka, usijue seli zinaishia wapi na takataka zinaanzia wapi.

Tuje kwenye asilimia 88, maana naona imekutuliza kuliko inavyostahili. Nyumba njema si mlango. Namba hiyo inasema kwamba kati ya vitu ambavyo kaunta iliviona na kuviita seli, 88 katika kila 100 havikuingiwa na rangi, ile inayopenya seli zilizokufa. Ina mapungufu matatu, na katika ini yote matatu hujitokeza kwa pamoja.

Kwanza, seli iliyopasuka ikaisha haihesabiwi kuwa imekufa. Haipo tena. Tyubu iliyopoteza theluthi ya hepatosaiti zake inaweza kukupa asilimia nzuri kuliko tyubu ambayo zile dhaifu bado zimeshikilia roho. Pili, kaunta inayotumia mwanga wa kawaida na buluu ya tripani haitofautishi vizuri seli na chembe nyekundu za damu au vipande vya tishu. Ini lina damu nyingi. Tuseme kaunta ilikuambia una seli 1,000 kwa kila mikrolita, kumbe 500 ni chembe nyekundu: ukipakia kwa hesabu hiyo umepakia nusu ya ulichodhani. Chembe nyekundu ya panya aliyekomaa haina kiini wala RNA ya maana, kwa hiyo itazama kwenye tambarare ya mchoro, na wewe utabaki unauliza seli zako zimekwenda wapi. Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi, asilimia 88 ilikuwa kweli pale ulipohesabu. Ulichopakia ni mchanganyiko mwingine, uliozeeka kwa dakika 90. Hukuuhesabu tena. Au niseme hivi: ungeuhesabu tena, nadhani usingeupakia.

Hapo ndipo msimamizi wako ana haki nusu. Kuhusu mashine hajakosea. Mwaka 2009, RNA ya seli moja iliposomwa mfuatano wake kwa mara ya kwanza, seli za kiinitete cha panya ziliokotwa moja moja chini ya hadubini. Mwaka 2015 makundi mawili ya Harvard yalitoa mbinu za matone, Drop-seq na inDrop, katika toleo moja la jarida la Cell, na hiyo ya Drop-seq peke yake ilisoma seli 44,808 za retina ya panya. Siku hizo kujifunza kwa vitendo kulikuwa ni kuunganisha pampu za sindano na mirija, na kukesha unatafuta kwa nini matone hayalingani. Leo unajaza visima, unafunga kifuniko, unabonyeza. Haipiti nusu saa matone yako tayari. Kama mafunzo uliyopata ni ya kubonyeza, msimamizi yuko sahihi, kaa nyumbani.

Anachosahau ni kwamba maabara ya huduma inapokea tyubu. Mtaalamu wa pale, hata awe hodari vipi, hawezi kurudisha RNA ndani ya seli iliyopasuka. Atahesabu, atakupigia simu akuambie uhai umeshuka hadi 70, aendelee au asiendelee? Na wewe, umesimama na panya wamekwisha kufa na vitendanishi vimekwisha yeyushwa, utasema endelea. Kila mtu husema endelea. Ujuzi adimu kuliko wote katika kazi hii ni kujua ni lini useme hapana, na huo haupatikani kwa kusoma protokoli.

Kwa hiyo nenda. Ila usiende kabla ya kuwaandikia waandaaji. Kozi zinazovutia watu wengi, kama za EMBL, maabara ya Ulaya ya biolojia ya molekuli, kule Heidelberg, au Cold Spring Harbor kule Marekani, zina wakufunzi wazuri, lakini kozi yoyote ya siku chache ina tatizo moja la asili: haiwezi kukubali jaribio lifeli mbele ya washiriki. Matokeo yake nyingi hutumia seli nyeupe za damu au seli za kukuzwa maabarani, ambazo zinaelea zenyewe, ni za duara, na huvumilia. Mimi naziita seli za sherehe. Utapakia, utapata mchoro wenye genge zuri, utapiga picha, utarudi ukiamini umejua. Halafu ini litakungoja mlangoni.

Waulize mambo haya, na usione haya. Je, kuna siku ya kutenganisha tishu ngumu kwa mikono yenu wenyewe, au seli zinaletwa tayari? Ni washiriki wangapi kwa kila chipu? Mafunzo yangu ya kwanza, miaka mingi iliyopita, tulikuwa kumi na wawili tumeizunguka chipu moja, na kitu pekee nilichoshika kwa mkono wangu ni ndoo ya barafu. Je, mtaonyeshwa jaribio lililofeli? Kozi nzuri huharibu sampuli moja makusudi, wakaiacha kwenye meza ya joto la chumba, wakaipitisha sambamba na nzuri, mkalinganisha hadi mwisho. Kozi ya namna hiyo ningeilipia hata kwa mkopo.

Ukishafika, usipoteze macho yako kwenye kioo cha mashine. Yapeleke kwenye mambo mawili.

La kwanza ni matone yanapotolewa. Unaichomoa chipu, unaiinamisha, unavuta mikrolita 100 polepole sana kwa pipeti ya vichwa vinane, kisha unainua pipeti usawa wa macho na kutazama vichwa vyote kwa pamoja. Yanapaswa kuwa meupe mazito kama maziwa, sawasawa kutoka kichwa cha kwanza hadi cha mwisho. Kimoja kikiwa na mafuta mengi angavu kuliko wenzake, mfereji ule uliziba au ulipoteza mkondo, na hakuna hatua ya mbele itakayouokoa. Sekunde hizo kumi zinakuambia mengi kuliko ripoti ya kompyuta ya wiki tatu baadaye. Piga picha kila mara. Mwombe mkufunzi akuonyeshe picha za mifereji iliyoziba. Kila mtu mwenye uzoefu anazo kwenye simu yake, kama madaktari wa meno walivyo na picha za meno mabovu.

La pili ni jinsi mkufunzi anavyoshughulika na seli kabla ya kupakia. Mwangalie anavyozichanganya tena sekunde chache kabla ya kuvuta, kwa kuwa seli huzama. Tyubu iliyokaa dakika tano ina seli nyingi chini na maji matupu juu. Mwangalie kasi ya kidole gumba chake. Mwangalie anavyochagua vichwa vya pipeti vyenye mdomo mpana, anavyochuja kwa wavu wa mikromita 40, anavyokataa kutikisa tyubu kwa mashine. Mengine, kama kutanguliza mchanganyiko wa seli kisimani kabla ya shanga, au kujaza gliseroli kwenye visima visivyotumika, yameandikwa kwenye protokoli na utayazoea kwa siku moja.

Na mwenzako aliyesema utarudi ukifanya kila kitu peke yako? Kwa seli za damu, yawezekana. Kwa ini, hapana. Utarudi ukiwa mtu anayejua anachokitafuta, na kwa siku tano hilo si dogo. Jaribio la kwanza nyumbani lifanye na mtu mzoefu amesimama pembeni yako. La pili awe angalau kwenye jengo hilohilo.

Ila kuna kazi ya kufanya kabla ya kwenda, na kama ungeniruhusu jambo moja tu la kukushauri, ningechagua hili. Tenganisha ini mara nyingi bila kupakia chochote. Bila chipu, bila shanga, bila kusoma mfuatano. Gharama yake ni kimeng'enya, rangi na muda wako. Kila mara hesabu mara tatu: mara tu unapomaliza, baada ya nusu saa kwenye barafu, na baada ya saa moja. Tumia rangi mbili zinazong'aa, ya akridini na ya propidiamu, ambazo hushika asidi za kiini, ili chembe nyekundu na takataka zisijifanye seli. Na usiiachie kaunta peke yake; weka tone chini ya hadubini utazame kwa macho yako. Unatafuta seli za duara zenye ukingo uliokatika vizuri. Ukiona vijipovu kwenye ukingo, au nyuzi zenye kunata zinazokusanya seli kuwa mabonge, hizo nyuzi ni DNA ya seli zilizopasuka, na supu imeshaanza kuchemka.

Uhai ukianza 90 ukabaki 87 baada ya saa moja, una mchanganyiko wa kupakia. Ukianza 90 ukaishia 72, hiyo 90 ilikuwa heshima tu. Badilisha kitu kimoja, urudie. Mimi mwenyewe kwa tishu moja ngumu (haikuwa ini) nilirudia mara kumi na moja kabla ya kupakia kwa mara ya kwanza, na mkuu wangu wa wakati huo aliacha kunisalimia kwenye korido. Data ile ndiyo pekee ya miaka hiyo ninayoitumia hadi leo.

Cha kubadilisha kwa ini ni nini? Wewe unatafuta seli za kinga, na hiyo ni bahati, kwa sababu huhitaji kuzilinda hepatosaiti. Unahitaji kuziondoa zikiwa nzima, kabla hazijapasuka. Baada ya kupitisha kolajenasi (kimeng'enya kinachoachanisha seli za tishu) kwenye mshipa wa ini, zungusha kwa nguvu ndogo, 50 g (mara 50 ya mvutano wa dunia) kwa dakika chache. Hepatosaiti, kwa ukubwa wake, zitashuka chini. Seli za kinga zitabaki juu. Zihamishe, kisha zizungushe kwa 300 hadi 400 g. Rudia ule mzunguko mdogo mara mbili. Osha mara mbili zaidi, kwa kuwa kuosha ndiko kunakoitoa supu. Baada ya hapo, kama una mashine ya kuchagua seli kwa rangi, chagua zenye CD45, alama ya seli za kinga, zikiwa hai. Faida yake inapita usafi wa seli: zinadondoka kwenye kimiminika kipya, na supu inabaki nyuma. Lakini usiiamini hesabu ya mashine hiyo. Hesabu upya kwa hadubini, sikuzote utakuta pungufu.

Joto nalo lina lake. Kolajenasi inapenda nyuzi joto 37, na seli zilizokaa katika joto hilo zikinyofolewa kutoka kwa majirani zake hupiga mayowe kwa jeni. Mwaka 2017 watafiti wa Uholanzi walionyesha kwamba kwa seli shina za misuli, utenganishaji wenyewe uliamsha jeni za mshtuko kama Fos na Jun, pamoja na jeni za protini za joto, kiasi cha kuunda kundi la seli ambalo mtu angeweza kulitangaza kuwa uvumbuzi. Angalia data yako: kundi lenye Fos, Jun na Hspa1a (moja ya hizo za protini za joto) juu lisikupe furaha mapema. Fupisha dakika za joto, na kila kitu kingine kiwe kwenye barafu.

Utasikia pia ushauri wa kuachana na seli nzima na kusoma viini. Ni njia nzuri kwa tishu iliyogandishwa, au kwa seli kubwa zisizopita kwenye mfereji, kama za misuli ya moyo. Kwa ini, viini vinakupa hepatosaiti na seli za mifereji ya nyongo kwa uwiano ulio karibu zaidi na ukweli. Seli za kinga ndizo zinazopungua, na ndizo ulizozifuata. Kwako wewe ningeiweka akiba.

Kinachonivutia zaidi kwa hali yako ni kumaliza tatizo la foleni. Kuna mbinu za kutuliza seli kwa fomaldehidi, yaani kuzikaza zisibadilike tena, mara tu zinapotoka, kisha zikapakiwa siku nyingine, au zikasomwa kwa kugawa na kuchanganya kwenye sahani bila mashine ya matone kabisa. Seli iliyotulizwa haizeeki. Ubaya wake ni kwamba baadhi ya mbinu hizo zinasoma kwa vipande vya DNA vilivyoandaliwa kwa orodha ya jeni zijulikanazo, kwa hiyo usichokiorodhesha hukioni, na hatua za kuosha hula seli nyingi. Ukianza na chache utaishia na sifuri. Kama foleni ya mashine pale kwenu haitatulika kwa kuweka miadi, fikiria njia hii kwa uzito. Kama inatatulika kwa miadi, weka miadi, ndiyo rahisi.

Data uliyonayo usiitupe. Programu za SoupX na CellBender hukadiria supu kutoka matone matupu na kuipunguza kwenye seli. Zinasaidia. Albumini itashuka. Ila haziwezi kukurudishia seli 5,700 zilizopotea, wala kukuhakikishia jeni yenye kiasi kidogo ilikuwa ya seli T au ya jirani. Itumie kupanga jaribio linalofuata, usiitumie kuandika makala.

Na kwa kuwa umesema uchambuzi unaumudu, neno moja tu kwenye upande huo. Seli 2,300 za panya mmoja ni panya mmoja. Ukilinganisha panya wagonjwa na wazima kwa kuhesabu kila seli kama mshiriki, utapata tofauti nyingi za kung'aa ambazo hazipo. Jumlisha seli kwa kila panya, linganisha panya na panya. Wala usipakie wagonjwa Jumatatu na wazima Alhamisi.

Kuna mahali ambapo maandishi yangu hayatoshi na unahitaji mtu ana kwa ana. Ukihamia kwenye ini la binadamu, ambapo kipande cha sindano hakirudiwi, usipakie hata kimoja kabla mtu mwenye uzoefu wa ini hajasimama nawe kwa siku nzima. Sampuli ikiwa na virusi au bakteria hatari, mwone kwanza msimamizi wa usalama wa kibiolojia; seli huingia kwenye chipu zikiwa hai, na kilichomo ndani yake vilevile. Mtakwimu mwone kabla ya kuchinja panya wa kwanza. Na kama umefanya vipimo vya saa moja mara tano na namba bado zinarukaruka bila mpangilio, alika mtu wa maabara ya huduma aje kwenye meza yako. Usimpelekee tyubu. Mwache akutazame ukifanya kazi kuanzia panya. Mara nyingi ni kitu ambacho mwenyewe huwezi kukiona: kimeng'enya kilichoyeyushwa na kugandishwa mara nne, au kichwa cha pipeti chenye mdomo mwembamba pale ulipokuwa na haraka.

Utakapokwenda kwenye mafunzo, beba vitu vitatu: jedwali ghafi la data hii, picha za seli zako chini ya hadubini kutoka vipimo vyako vya nyumbani, na mchoro wa urefu wa DNA mliyopata baada ya kuikuza. Ukiwa na kilima kipana kinachofikia kilele kati ya herufi 1,000 na 2,000, RNA iliingia ikiwa nzima. Ukiwa na nundu chini ya 500, iliingia ikiwa imekatikakatika. Mkufunzi mzuri atakaa nawe wakati wa chai na, kwa vitu hivyo vitatu, atakusaidia kutafuta ni wapi mambo yaliharibika.

Ila lile la matone matupu lifanye kwanza. Ukikuta Alb haimo katika kumi bora za orodha ile, niandikie tena, maana nitakuwa nimekuhukumia ini lisilo na kosa na itabidi tutafute upya.